Kila tunguu na mvua yake

Mwaka wa kwanza nilipoanza kupanda maua ya matunguu niliweka mfuko wa karatasi kwenye rafu ya kibanda cha zana, nikausahau. Ndani mlikuwa na matunguu matatu ya kolchikamu niliyopewa na jirani yangu mwezi wa Julai. Kila moja lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, limevaa ganda la kahawia lililokauka na kupasukapasuka. Aliniambia niyapande upesi. Nikamwitikia, "Ndiyo, bibi," kisha kazi zikanizonga.

Katikati ya Septemba niliingia kutafuta kamba, nikaona kitu kimechungulia kwenye mdomo wa mfuko. Nilipoufungua nilikuta maua saba. Yalikuwa ya zambarau iliyopauka, yamesimama juu ya shingo ndefu nyeupe zilizopinda kuufuata mstari wa mwanga uliopenya mlangoni. Hayakuwa na jani hata moja. Yalikuwa yamechanua bila udongo wala tone la maji. Niligeuza ndoo nikaikalia, nikayatazama mpaka kamba niliyoijia ikanitoka akilini.

Nilimpelekea bibi habari kwa aibu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, lile halikungoji wewe. Lina saa yake." Sikuielewa kauli hiyo siku ile. Imenichukua miaka kumi na moja na makosa mengi kuielewa, na makosa hayo ndiyo ninayotaka kuyasimulia hapa.

Tunguu ni neno ambalo wengi wetu tunalifahamu kupitia mtoto wake, kitunguu. Ni ghala. Mmea umejiwekea humo chakula na maji, tena mara nyingi na ua lenyewe, dogo sana, limekunjwa tayari miezi kadhaa kabla ya kuonekana. Ndiyo maana kolchikamu yangu iliweza kuchanua mfukoni. Kila ilichohitaji kwa ajili ya ua kilikuwa kimeshawekwa tangu majira ya machipuko, majani yake yalipokuwa juani. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili.

Niliyapanda matunguu yale yakiwa bado na maua, na yalitulia. Mwezi wa Machi yalitoa majani, nami sikuyatarajia: mapana, manene, ya kijani kinachong'aa, yamefunika nusu ya kitalu. Kufikia Mei yalianza kulala na kugeuka manjano. Yalinichukiza, nikayakata yote kwa mkasi siku moja ya Jumamosi, nikaona nimefanya usafi. Septemba iliyofuata nilipata maua mawili. Majani yale ndiyo jiko la mmea. Kila siku yanapokaa juani yanapika chakula cha vuli ijayo, na hata yakianza kugeuka manjano bado yanateremsha akiba yao chini. Siku hizi siyagusi mpaka yavutike yenyewe kwa kidole. Nimepanda mimea mingine yenye majani mbele yake ili macho yangu yasisumbuke, basi.

Kwenye majani hayo kuna jambo ambalo silifanyii mzaha hata kidogo. Kolchikamu ina sumu katika kila sehemu yake, kuanzia tunguu hadi mbegu. Sumu hiyo ni kolchisini, ambayo huzuia seli zisigawanyike. Kwa kipimo kidogo sana, mikononi mwa daktari, ni dawa ya jongo iliyotumika tangu kale. Wakulima watafiti waliitumia kuanzia 1937 kuzidisha kromosomu za mimea na kupata aina mpya. Lakini mtu akila majani yake humdhuru kwa namna ya kutisha, na dalili huchelewa kwa saa kadhaa, wakati sumu imeshaingia. Ulaya watu wamekufa kwa kuyachuma majira ya machipuko wakidhani ni kitunguu saumu cha mwitu, ambacho hutoa majani yanayofanana nayo wakati uleule. Mimi siipandi karibu na mboga. Nikigawa matunguu yake huvaa glavu, na huyaandikia kibao.

Hatari ya pili iko kwenye jina. Katika lugha kadhaa za Ulaya ua hili huitwa krokasi ya vuli, au hata zafarani ya mbugani, ilhali si krokasi, ua dogo jingine la tunguu linalofanana nalo, wala si zafarani. Njia ya kuyatofautisha ni rahisi, na huwafundisha watoto wanaonitembelea: piga magoti, chungulia ndani ya ua, hesabu stameni, vile vijiti vyenye chavua. Kolchikamu ina sita. Krokasi ina tatu. Ukitaka uhakika zaidi tazama katikati: krokasi ina uzi mmoja unaogawanyika juu, kolchikamu ina nyuzi tatu zilizoachana tangu chini kabisa. Niliwahi kumwona msichana wa miaka sita akihesabu mara nne, kidole chake kimejaa chavua, hataki kukosea.

Zafarani yenyewe ni krokasi, na huchanua vulini. Nilipanda matunguu ishirini, sentimita kumi na mbili chini, kwa matumaini makubwa. Vuli ya kwanza yalitoa maua tisa. Kila ua lina stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, yenye matawi matatu mekundu, na hayo ndiyo zafarani. Nilichuma asubuhi kabla jua halijayalegeza, nikapata nyuzi 27, nikazilaza juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Baada ya siku tatu zilikuwa zimenywea na kuwa nyembamba kama nyusi, na karatasi imebaki na michirizi ya rangi ya machungwa. Gramu moja huhitaji maua kama 150. Tangu siku ile sijawahi kusema zafarani ni ghali.

Jambo linalonigusa zaidi kuhusu zafarani ni kwamba ni tasa. Ina seti tatu za kromosomu, haiwezi kutoa mbegu iliyo hai. Kila tunguu la zafarani lililopo duniani limetengwa kwa mkono wa mtu kutoka kwa tunguu mama, na mama huyo naye vivyo hivyo, kurudi nyuma mpaka Ugiriki, kwenye krokasi ya mwitu iliyoizaa. Kwenye kisiwa cha Santorini kuna michoro ya ukutani ya Enzi ya Shaba inayoonyesha wanawake wakichuma stigma za krokasi. Nilipokuwa nikichuma zangu tisa niliwawaza.

Vuli ya pili yalitoka manne. Ya tatu, hakuna hata moja. Nilichimba nikakuta matunguu yameoza, yananuka, yanapondeka kati ya vidole. Sikuelewa. Nilikuwa nimeyahudumia vizuri, nimeyamwagilia kila wiki kiangazi kizima pamoja na maua mengine. Stenbegia zangu, zile za manjano iliyokolea zinazofanana na krokasi kubwa, zilikufa kwa namna ileile mwaka uleule, kitalu kilekile.

Jibu nililipata kwenye neno moja la lugha yetu.

Sisi tunaita majira haya vuli, na vuli kwanza ni mvua. Ndiyo mvua fupi inayokuja baada ya kiangazi kirefu, ardhi imepasuka, watu wanatazama mawingu. Vitabu vikalichukua neno hilohilo kuwa jina la majira ya nchi za baridi, majani yanapogeuka rangi na kupukutika. Nilipohamia kwenye majira manne nilifuata maana ya pili na kuisahau ya kwanza. Nilidhani vuli ni mwisho: mimea inafunga maduka, na haya maua machache ni wachelewaji. Kumbe kwa stenbegia, kwa zafarani, na kwa siklameni nyingi zinazochanua wakati huu, vuli ni vuli kama tunavyoijua sisi. Asili yao ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi hakina mvua na jua hukausha milima mpaka ikawa ya hudhurungi. Tunguu hulala chini, kavu, katika joto. Kisha Septemba au Oktoba mvua ya kwanza hupiga udongo. Huo ndio mwaka mpya wao. Hutoa ua, hufuatisha majani, hufanya kazi majira yote ya baridi ambako kwao si makali, na Mei hufunga.

Kwa hiyo mimi, kila wiki na ndoo yangu, nilikuwa nikiwamwagia maji watu waliolala.

Niliinua kitalu kipya kwa kokoto na mchanga mnene chini ya ukuta unaopata jua la mchana, na sheria yake ni moja: kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti haliingii tone. Mvua ikinyesha sana huweka kioo cha dirisha kuukuu juu yake, kimeegemezwa kwenye matofali ili hewa ipite. Ikifika wiki ya kwanza ya Septemba nakiondoa, namwaga maji mengi kwa mara moja, kama mvua ya kweli, nasubiri. Stenbegia hunijibu baada ya wiki mbili au tatu. Mtu hawezi kunishawishi kwamba kuna manjano nyingine kama ile, hasa jioni, jua likiwa chini na petali zikiwa bado wazi.

Nikajiona nimejua kila kitu. Nikaihamishia nerine kwenye kitalu hicho.

Nerine ninayoizungumzia ni Nerine bowdenii, ua la waridi lenye petali zilizopinda nyuma na kujikunja ukingoni, maua saba au zaidi juu ya bua moja. Ilikaa miaka mitatu bila kuchanua. Nilipunguza maji zaidi. Ikatoa majani membamba zaidi. Siku niliyokaa nikasoma asili yake ndipo nilipoona upumbavu wa kutumia kanuni moja kwa kila kitu. Nerine hii inatoka Afrika Kusini, upande wa mashariki, Eastern Cape na milima ya Drakensberg, ambako mvua hunyesha kiangazi. Majani yake hufanya kazi kiangazi, na yenyewe hulala majira ya baridi. Mimi nilikuwa nimeinyima maji miezi ileile inayoyahitaji. Ndugu yake, Nerine sarniensis, anatoka upande wa magharibi, Rasi ya Tumaini Jema, ambako mvua ni ya majira ya baridi, na yeye ndiye anayetaka kiangazi kikavu. Ni jina moja la ukoo, nchi moja, lakini mvua mbili tofauti.

Niliirudisha nerine yangu kwenye udongo wa kawaida chini ya ukuta, shingo ya tunguu ikiwa juu ya ardhi, na kiangazi nikainywesha kama kila mtu. Ilinuna mwaka mmoja kwa sababu haipendi kuhamishwa. Sasa ni mwaka wa sita, matunguu yamezaana mpaka yanasukumana, na ndivyo inavyopenda. Oktoba iliyopita nilihesabu mabua 14. Tangu hapo, kabla sijapanda tunguu lolote, naulizia kwao mvua inanyesha lini. Kina, mbolea na kivuli nayauliza baadaye.

Siklameni ina sura yake peke yake, kwa sababu nilikosea nayo mara mbili kwa namna tofauti.

Mara ya kwanza nilinunua viazi vyake vikavu, vitano, bei nafuu. Kwa kweli siklameni haina tunguu, ina kiazi bapa kama mkate uliokandamizwa, chenye ngozi ngumu. Viwili havikuamka kabisa. Vilikuwa na makovu ya mizizi minene iliyokatwa, na baadaye nikaambiwa na watu wanaojua kwamba makovu ya namna ile huonekana kwenye viazi vilivyong'olewa porini. Muuzaji simtaji, wala sina uthibitisho. Lakini ninajua kwamba katika karne ya 20 mamilioni ya matunguu na viazi yalichimbwa milimani Uturuki na kupelekwa kuuzwa Ulaya, na kwamba siklameni, stenbegia na galanthu, yale maua madogo meupe yanayoinama, zote ziko leo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Tangu hapo nanunua siklameni ikiwa hai ndani ya chungu, ina majani, na nauliza kama imekuzwa kutokana na mbegu. Anayekuza kwa mbegu hulifurahia swali hilo.

Vile vitatu vilivyobaki nilivipanda kichwa chini. Kwa siklameni ya vuli inayopandwa zaidi bustanini, Cyclamen hederifolium, kosa hili ni jepesi kulifanya, kwa sababu mizizi yake hutoka juu na ubavuni mwa kiazi, na upande wa chini ni laini, mviringo, hauna kitu. Nilitazama mizizi iliyokauka nikasema, kama mtu yeyote angesema, mizizi huenda chini. Ilichukua miaka miwili kwa viazi hivyo kupindisha mashina yao na kuzunguka mpaka juu. Vilifika. Sikuvigeuza tena, nilihisi vimeshateseka vya kutosha.

Sasa viko chini ya mti mkubwa, kwenye kivuli kikavu ambapo hakuna kingine kinachokubali kuishi. Mwishoni mwa Agosti maua ya kwanza hutokeza kwenye udongo mtupu, waridi na meupe, petali zimegeuzwa nyuma kama masikio ya farasi anayekimbia. Majani hufuata, kila mmea na michoro yake ya fedha, hakuna mawili yanayofanana sawasawa, na hukaa mpaka Mei.

Ua likishachavushwa, shina lake huanza kujikunja kutoka juu, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka linakuwa kama springi ya kalamu na kuliteremsha tunda hadi ardhini. Hapo hukaa majira yote ya baridi. Linapasuka mwanzoni mwa kiangazi, na mbegu zake zina utomvu mtamu. Siku moja ya Juni nililala kifudifudi chini ya mti ule, kidevu juu ya mikono, nikatazama sisimizi wadogo weusi wakizichukua. Mmoja alishika mbegu kubwa kuliko kichwa chake, akairudisha nyumanyuma, akaipoteza kwenye ufa, akaingia, akatoka nayo upande wa pili. Wanakula utomvu, mbegu wanaitupa.

Miaka minne iliyopita nilijipa zawadi niliyoiwekea akiba muda mrefu: nikaenda Ugiriki mwishoni mwa Oktoba, rasi ya Mani, kusini kabisa mwa Peloponnese, kuyaona maua haya kwao. Nilifika siku mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa. Ardhi ilikuwa nyekundu, na harufu yake niliitambua mara moja, ile harufu ya vumbi lililolowa.

Chini ya mizeituni kulikuwa na Crocus goulimyi. Rangi yake ni ya zambarau nyepesi sana, ua la duara juu ya shingo ndefu nyembamba, mamia kwa mamia kati ya mawe. Sayansi haikulipa jina mpaka 1955, likaitwa kwa heshima ya Constantine Goulimis, mwanasheria Mgiriki aliyependa mimea. Wakulima wa pale walikuwa wakilikanyaga kila vuli wakivuna zeituni. Siklameni ya Ugiriki, Cyclamen graecum, ilikuwa imetoka kwenye ukuta wa mawe usio na saruji, kiazi kimebanwa kiasi kwamba sikuona kilipoanzia. Hii mizizi yake hutoka chini, minene, huchimba kutafuta ubaridi. Na stenbegia zilisimama kando ya njia, kwenye jua kali, pahali ambapo mimi ningesema hapafai kitu.

Siku ya mwisho nilipanda kwenye korongo la mlima Taygetos kutafuta galanthu inayochanua vuli, iliyopewa jina la Malkia Olga wa Ugiriki. Galanthu wengine wengi huchanua majira ya baridi yakielekea mwisho. Huyu hutangulia, mara nyingi kabla ya majani yake. Niliyakuta maua matano kwenye kivuli, kando ya mawe yenye kuvu na majani makavu ya miti, meupe, yameinama. Nilipiga picha moja tu, kisha nikakaa. Sikung'oa kitu Mani wala Taygetos. Nilichukua tarehe za mvua, nikaziandika kwenye daftari.

Bibi jirani alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Watoto wake waliniruhusu kuchimba nusu ya kolchikamu zake kabla nyumba haijauzwa. Nilizichimba Juni, zikiwa zimelala, kama inavyotakiwa, nikazipanda siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia ngazi za nyuma, mbali kabisa na ule mti. Kwenye ufa kati ya jiwe la pili na la tatu kulikuwa na jani moja, mviringo, dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na katikati yake doa la fedha. Sikulipanda mimi. Nililizungushia vijiti vitatu ili mtu asilikanyage, nikamaliza kufagia. Ua lake la kwanza ni baada ya vuli mbili, labda tatu.